Mama Atafikia kwa Nani?

Sogeeni. Aliye na simu mkononi aiweke kando, maana hadithi hii ina simu zake za kutosha. Desturi yangu mnaijua: mimi nabeba mzigo mpaka mlangoni kwenu, nautua, nakaa pembeni nawatazama mnavyogombana. Leo mzigo wenyewe ni begi la mama mmoja. Si kubwa, lakini lina mpini mmoja tu, na hapo ndipo ilipo shida yote.

Walikuwepo ndugu watatu Dar es Salaam, tumbo moja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Nasoro, fundi wa mashine za hospitali, zile zinazopiga picha mifupa. Kipaji chake ni miguu. Mashine ikigoma Lusaka anaitwa yeye, ikigoma Entebbe anaitwa yeye, na begi lake la safari lilikuwa halipandi kabatini kwa sababu halikuwa na muda wa kukaa huko.

Wa pili ni Shamim, mpangaji wa mikutano na semina. Kipaji chake ni mipango. Mpe watu mia wenye njaa, wanaochukiana, wanaotaka vyumba vinavyotazama bahari, na mpaka jioni wote wamelala na kila mmoja anadhani yeye ndiye aliyependelewa.

Wa tatu ni Raya, kitindamimba, anayeshona sare za shule katika chumba chake cha kupanga Magomeni. Kipaji chake ni macho. Kila asubuhi kabla hajakanyaga cherehani husoma habari za mashirika ya ndege na mahoteli: nani kapunguza, nani kapandisha, hoteli gani imepatana na ndege gani. Wasafiri wakubwa walikuwa wakimwuliza kwenye kundi lao la simu, naye anawajibu. Mmoja alimwuliza safari yake ya mwisho ilikuwa ya wapi, akasema Magomeni, na watu wakacheka wakidhani anatania. Raya hajawahi kupanda ndege.

Kwa wasiojua mambo hayo, nawaeleza kwa ufupi. Mnamjua muuza duka anayempa mteja wake wa kila siku nyongeza kidogo ya sukari ili asihame? Basi mashirika ya ndege nayo ni hivyo hivyo. Ukipanda ndege zao mara kwa mara wanakuandikia maili, na maili zikijaa unapewa kiti bila kulipa nauli. Mahoteli nayo yanafanya hivyo, ila zao zinaitwa pointi. Na vyote viwili vina umri. Usipovitumia kwa wakati vinafutwa, na hakuna wa kumlilia.

Sasa niwaambie habari za mama.

Mama yao, Bi Mwanakombo, alikuwa Maskati. Aliondoka wakati Raya hajajua hata kufunga kamba za viatu. Dada yake, Bi Salme, ndiye aliyemlea baada ya wao kufiwa na wazazi, na huyo dada alipigwa na kiharusi huko ugenini, hana mume wala mtoto. Bi Mwanakombo akasema anakwenda kumwuguza na atarudi kabla ya mfungo. Mfungo ukaingia, ukatoka, ukaja mwingine. Bi Salme hakupona wala hakufa. Chakula alikuwa hali ila kwa mkono wa mdogo wake, na mkono mwingine ukimkaribia anafumba mdomo. Ungefanya nini? Mama akabaki.

Huku nyuma baba akafariki, na nyumba ya Ilala ikauzwa kwa kuwa ilikuwa ya urithi na wenye haki walikuwa wengi. Kwa hiyo likumbukeni hili, maana tutalirudia: Bi Mwanakombo hakuwa tena na mlango wake Dar es Salaam. Akija, lazima afikie kwa mtu.

Naona mmoja ananyosha kidole. Anataka kuuliza kwa nini watoto hawakumkatia mama yao tiketi yakaisha. Walijaribu, bwana. Walimtumia nauli, akainunulia viatu vya Shamim, vitambaa vya Raya na dawa ya pumu ya Nasoro, akampa msafiri awaletee. Walimtumia tena, akafanya yale yale na juu akaongeza halua. Wakitaka kumkatia tiketi wenyewe, anakataa. Alikuwa na msimamo wake kwamba pesa inayoweza kununua mchele haiwezi kupanda ndege kwa ajili yake. Nao wakala halua ile huku wanalia, na mimi nilikuwepo nikaila pia, ilikuwa nzuri sana.

Mpaka siku moja Nasoro akamweleza kwenye simu habari za maili.

Mama akauliza, "Hizo maili zinaliwa?"

"Haziliwi, mama."

"Zinalipa ada ya shule?"

"Hazilipi."

Kisha akasema, "Basi hizo nitapanda."

Toka siku ile wale watatu wakawa na njia. Sikilizeni vizuri kila mmoja alitoa nini, kwa sababu mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aseme alikuwa amesinzia.

Nasoro alitoa safari zake. Kuanzia hapo alishikamana na shirika moja tu. Wenzake wakitoka Lusaka wanapanda ndege ya moja kwa moja, jioni wako nyumbani wanakula. Nasoro anazunguka kwenye kituo kikuu cha shirika lake, analala kwenye viti vya chuma na begi chini ya kichwa, anafika kesho yake miguu imevimba. Ofisi ilimwona mjinga. Mkewe alipokaribia kujifungua, Nasoro alikuwa na nafasi ya kurudi kwa njia fupi, akahesabu moyoni akaona njia ndefu ina maili nyingi zaidi na muda bado upo. Muda haukuwepo. Sauti ya kwanza ya mwanawe aliisikia kwa simu, amesimama kwenye foleni ya ukaguzi na viatu mkononi. Mtoto alikuwa wa kike, akapewa jina la bibi yake, Mwanakombo, nyumbani wanamwita Kibibi. Maili zikajaa kweli. Lakini hazikutosha, na zile za zamani zikaanza kukaribia kufutwa.

Shamim alitoa pumziko lake. Mikutano yake yote aliifanyia kwenye hoteli za kampuni moja, na kwa kila mkutano kampuni ilimwandikia pointi. Hizo alikuwa hajaziwekea nia yoyote, mpaka alipojifungua mtoto ambaye hakufika siku ya kupewa jina. Mama alimpigia kila siku. Alimwambia alale hivi, ajikande hivi, anywe uji wenye pilipili manga. Lakini simu haina mikono, na Shamim alikuwa akiiweka sikioni analala nayo mpaka inazimika. Mumewe akasema tutumie pointi zako, twende Unguja, tukakae mahali pasipo na mtu wa kutupa pole. Chumba kilikuwa kimeshashikwa. Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa.

Raya alitoa macho yake, na kitu kingine juu ya macho. Alipokuwa mdogo akimlilia mama, Nasoro alikuwa anamfungulia kompyuta anamwonyesha ndege za Maskati: ile inaondoka, ile inafika, mama atapanda moja kama ile. Mtoto akanyamaza, akatazama. Kesho yake akataka kutazama tena. Amekua hivyo, anatazama. Na Alhamisi moja akaona tangazo, na chini yake tangazo jingine. Kwa siku chache, mwenye pointi za hoteli zile angeweza kuzihamishia kwenye maili za shirika lile na kuongezewa nusu nzima juu. Na kwa siku hizo hizo shirika lilikuwa limeshusha idadi ya maili kwa safari za Maskati. Matangazo mawili ya milango miwili, na hakuna aliyegundua kwamba ilikuwa wazi kwa pamoja isipokuwa yeye. Aliacha kola ya sare nusu imeshonwa, akawapigia wenzake.

Shamim alimsikiliza. Akaenda mlangoni, akafungua begi lake, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini. Pointi zikishahama hazirudi. Mumewe alimtazama tu, akamsaidia kukunja.

Shirika lile linawaruhusu ndugu kuchanga maili kwenye mfuko mmoja. Wakachanga. Ikatosha kiti kimoja, kwenda na kurudi.

Hapo ndipo Nasoro, ambaye ana roho nzuri hata akikasirika, alipomwambia mdogo wake: "Raya, mama hawezi kuja zaidi ya usiku mmoja. Khalati Salme amekubali kulishwa na jirani kwa siku hiyo tu, na ameapisha watu. Kiti hiki kinaweza kukuchukua wewe. Nenda, kaa naye mwezi mzima."

Mwezi mzima! Mtu aliyetazama ndege kwa kioo tangu utoto anaambiwa apande mwenyewe, na mwisho wa safari yupo mama anamngoja. Shamim anasema alisikia cherehani ya jirani ikienda, ikasimama, ikaenda tena.

Kisha Raya akasema, "Nikienda mimi, nimemwona mimi. Akija yeye, tumemwona sote. Mkatieni mama tiketi."

Sasa pimeni. Toa maili za Nasoro, hakuna kiti. Toa pointi za Shamim, hakuna kiti. Toa macho ya Raya, matangazo yanapita na maili za zamani zinafutwa kimya kimya kama hazijawahi kuwepo. Na angesema ndiyo mara moja tu, mama angebaki Maskati. Mimi nimejaribu kumpata aliyezidi, nimeshindwa.

Walimpigia mama wote watatu kwa pamoja. Aliambiwa kiti kimepatikana. Walisikia akipenga kamasi. Halafu akauliza kile ambacho mama yeyote wa kwetu angeuliza, na ambacho wao katika furaha yao yote walikuwa hawajakifikiria.

"Nitafikia kwa nani?"



Msiichukulie kirahisi habari ya kufikia. Mgeni akishuka, nyumba anayofikia ndiyo nyumba yake. Hapo ndipo begi linafunguliwa. Mwenye nyumba ndiye anayempa maji ya kwanza, anayemtandikia, anayelala chumba kimoja naye na kusikia maneno yale yanayosemwa taa ikishazimwa. Asubuhi ndiye anayechemsha chai. Wengine wote, hata kama ni watoto wa kuzaa, wanakuja kumwona, wanabisha hodi, wanaandaliwa, wanaaga. Na kwa Bi Mwanakombo kuna zaidi. Bi Salme ni mzee na mgonjwa. Iko siku mama atarudi asiondoke tena, na kila mtu anajua kwamba mahali alipofikia mara ya kwanza ndipo atakaporudi kukaa. Watakuwa wanasema, mama yuko kwa fulani. Usiku ule mmoja ulikuwa umebeba miaka yote iliyobaki ya mama.

Mama aliwaambia wakubaliane wenyewe. "Msinitie mimi katika kuchagua. Uchungu niliousikia kwenu ni ule ule kwa wote."

Wakakutana Ijumaa baada ya swala, nyumbani kwa Shamim, Tabata, wakala pilau na kuzungumza mambo mengine mpaka sahani zikaondolewa. Watu hawa wana adabu hadi inakera. Nasoro ndiye aliyeanza.

Alisema mwanawe ana jina la mama na mama hajawahi kumpakata. Mtoto akimwona bibi kwenye simu anageuza simu kutazama nyuma yake, anatafuta mwili uko wapi. "Sikuwepo alipozaliwa, kwa sababu ya maili hizi," alisema. "Nilijiambia nimemkosa yeye ili nimletee bibi yake. Nikimpeleka kubisha hodi nyumbani kwa mtu kumwona bibi yake, nitakuwa nimemletea nini?"

Shamim alikuwa anakusanya makombo ya mezani kwa kiganja. Alisema bila kuinua uso, "Kaka, wewe una wa kumwonyesha. Mimi sina." Akaendelea kukusanya makombo yaliyokwisha. Alisema hataki sherehe, hataki wageni. Anataka usiku mmoja mama amkande mgongo na mafuta ya nazi kama anavyokandwa mzazi, kwa kuwa alizaa na hakuna mkono wa mama uliomgusa. Baada ya hapo hatadai kitu tena.

Raya alikuwa wa mwisho, na yeye si mwepesi wa maneno. Alisema wao wawili wanapokuwa na hamu na mama, wana kitu cha kukumbuka. Wanakumbuka alivyokuwa akisuka ukili barazani, alivyokuwa akiwachapa kwa kandambili, alivyokuwa akikoroma. "Mimi namjua kwa simu tu. Sijui hata kama anakoroma. Nyinyi mmenilea vizuri, sina la kulalamika, lakini sijawahi kulala nikaamka nikamkuta mama yupo. Chumba changu ni kimoja na kitanda ni kimoja. Akifikia kwangu, tutalala pamoja kwa lazima."

Nawaambia kweli, ningekuwa mle ndani ningetoka nje kupunga upepo.

Nasoro alisema wapige kura. Shamim akasema mama hapigiwi kura. Kisha akakumbusha kwamba amebakiwa na pointi kidogo, zinatosha chumba cha usiku mmoja karibu na uwanja wa ndege, mama alale hapo na wao wote wawe wageni sawa. Wakampigia mama kumwuliza. Sikujua kama mama yule anaweza kuumia kwa utulivu namna ile. Alisema, "Niliondoka mji huo nikiwa mwenyeji. Nikirudi nipewe ufunguo wa chumba chenye namba, na wanangu wako mjini?" Hapo hoteli ikafa.

Najua kuna mjanja hapo nyuma anayesema wote watatu walale nyumba moja na mama. Vizuri. Nyumba gani? Umeona, umerudi palepale ulipoanza. Na anayesema wamgawe, magharibi kwa huyu na isha kwa yule, ajue kuwa mwanamke ana magoti mabovu, amesafiri, na amesema wazi hataki kuzungushwa mjini kama bahasha ya mchango.

Basi ikatokea kosa ambalo ni watu wa adabu tu wanaolifanya. Katika familia ile hakuna mtu anayemwambia mwenzake "sikubali". Asiyekubali hunyamaza, kwa heshima. Nasoro alipoaga alisema atakwenda kununua godoro jipya, na dada zake wakanyamaza. Shamim akasema atatafuta mafuta mazuri ya nazi, na wenzake wakanyamaza. Raya akasema ataomba siku mbili kwa wateja wake apake chumba rangi, na wenzake wakanyamaza. Kila mmoja aliondoka na kimya cha wenzake akidhani ni ridhaa, na kila mmoja aliwashukuru moyoni kwa uungwana wao.

Nasoro akanunua godoro, akamfundisha Kibibi kusema shikamoo. Shamim akafua shuka, akazitandika, akapasha mafuta na kuyapoza na kuyapasha tena. Raya akapaka chumba rangi ya maziwa, akashona foronya mbili za kitambaa kilekile ambacho mama alimtumia kwa nauli ya kwanza. Alijilaza juu ya kitanda upande wa ukutani ili aone kama nafasi ya pili itamtosha mtu mzima.

Siku ilipofika, kila mmoja alikuja uwanja wa ndege na gari lake la kukodi.

Walipoonana pale kwenye kizuizi cha wanaopokea wageni walielewa mara moja. Nasoro aliona chupa ya maji baridi mkononi mwa Shamim, iliyofungwa kwa taulo. Shamim aliona Kibibi amevalishwa gauni la sikukuu. Wote wawili waliona kidole cha Raya kina rangi ya maziwa ukuchani. Lakini hakuna aliyeondoka.

Ilikuwa alasiri. Ndege ya kurudi ilikuwa ya asubuhi.

Watu wakaanza kutoka. Raya akawa anamtazama kila mwanamke mwenye baibui, na mmoja alipotabasamu alipiga hatua kumwendea, kumbe anatabasamu kwa mumewe. Raya alirudi nyuma akatazama sakafu. Shamim aliona hilo, akamshika mkono, akaubana.

Kisha mama akatoka. Alikuwa mfupi kuliko Nasoro na Shamim walivyomkumbuka, na ananukia udi mpaka kwenye kizuizi. Begi lake lilikuwa dogo la kuburuta, jekundu. Hakutafuta uso wa mtu. Alifungua mikono tu na kusimama, na wakaingia wote watatu kwa pamoja, Nasoro mwanamume mzima wa mvi akiwa wa kwanza kutoa sauti. Alimgusa Shamim mgongoni, hapo hapo alipotaka kuguswa, kama mtu aliyekuwa na kazi hiyo siku nyingi. Alimshika Raya uso kwa viganja viwili akautazama sana. Akainama kwa shida ya magoti mbele ya Kibibi, na Kibibi akamzunguka akaenda kutazama nyuma yake, akaukuta mwili, akaukumbatia mguu.

Walilia wakatosheka, kama mtu anaweza kutosheka. Jua likawa linashuka kwenye vioo vya magari. Mama akajifuta kwa ncha ya mtandio, akashika mpini wa begi lake, akawatazama.

"Haya, wanangu. Begi langu linakwenda wapi?"

Mikono mitatu ikanyoshwa kwa wakati mmoja. Mkono wa Nasoro, uliolala kwenye viti vya chuma ukashika simu wakati mwanawe anazaliwa. Mkono wa Shamim, uliotoa nguo begini moja moja. Mkono wa Raya, wenye rangi ukuchani, uliokataa mwezi mzima ili wapate usiku mmoja wote. Ikagusana juu ya mpini na hakuna uliovuta, kwa sababu ni watu wa adabu, na hakuna uliotoka, kwa sababu ni watoto wa yule mama.

Mama aliitazama ile mikono. Alikuwa amesema hatachagua, na ni mtu wa kauli moja. Akautoa mkono wake taratibu, akaliacha begi mikononi mwao, akampakata Kibibi na kusubiri. Madereva watatu walikuwa wamekwisha kuwasha magari.

Nami begi nimelitua hapa kwenu. Msinitazame, mimi sisemi, na wale bado wamesimama pale, usiku wenyewe ni mmoja na unapungua. Semeni basi: mkono wa nani ulichukue? Ungekuwa umesimama nao pale, je, wewe ungeamua vipi? Na hao wawili ambao hukuwachagua, ungewaambia nini njiani wakirudi peke yao?